Waingereza waliipataje Australia? Kule nani alisaini?

Mzaramo_Halisi ameuliza:

Wakuu heshima kwenu. Nina swali limekuwa likinisumbua muda sasa, naomba wajuzi wa historia mnieleweshe taratibu.

Sisi huku tulifundishwa tangu shule kwamba Karl Peters alikuja 1884 akazunguka Usagara na Uzigua na makaratasi yake, akamkuta Mangungo pale Msovero, akamsainisha, akarudi Berlin na mwaka uliofuata Kaiser akampa barua ya ulinzi. Ndo maana mpaka leo mtu akiingia dili bovu tunasema kasaini mkataba wa Mangungo. Ni uhuni ndio, lakini angalau kuna karatasi, kuna alama ya mtu, kuna wa kumlaumu.

Sasa Australia. Bara zima lile, kubwa kuliko nchi zetu zote za Afrika Mashariki mara kadhaa, na watu walikuwepo. Nimetafuta jina la chifu aliyesaini simpati. Nimetafuta vita kubwa kama Majimaji ya kusema walishindwa wakasalimu amri, nayo siioni. Mfalme wa Uingereza alilipataje? Alilinunua? Aliwashinda? Alidanganya nani?

Msinijibu "wazungu wezi" hiyo najua, nataka njia waliyotumia.

---

kibanda_cha_gazeti:

Hakusaini mtu mkuu. Ndo jibu lenyewe, ngoja wenye maelezo waje.

---

Ramani_Kongwe:

Mleta mada umeuliza swali zuri sana na hapo ulipokwama ndipo penyewe. Hukupata jina la chifu kwa sababu hawakumtafuta. Ngoja nikupe mtiririko.

Kwanza Waingereza hawakuwa wa kwanza kufika. Waholanzi walifika kaskazini mwaka 1606 na meli ya Willem Janszoon, wakaendelea kuchora pwani za magharibi miaka mingi, wakaliita New Holland, ila hawakuona cha kuwatia hamu ya kukaa (hawakuona dhahabu wala viungo), wakaondoka zao. Pwani ya mashariki ndio ilikuwa haijachorwa na mzungu yeyote.

1768 James Cook, nahodha wa Kiingereza, anatumwa na meli ya Endeavour. Sababu iliyotangazwa ni kwenda Tahiti kuangalia sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, na kweli waliangalia Juni 1769. Lakini alikuwa na maagizo mengine ya siri, kwamba akimaliza aende kusini atafute bara ambalo wataalamu wa Ulaya waliamini lipo. Na maagizo yale yalisema wazi, akikuta nchi yenye watu atwae sehemu zinazofaa KWA RIDHAA YA WENYEJI, akikuta haina watu basi aitwae kwa jina la mfalme kama mgunduzi wa kwanza. Shika hilo neno ridhaa.

Cook akazunguka New Zealand yote, halafu April 1770 akatokea pwani ya mashariki ya Australia. Akashuka Botany Bay. Sasa sikia ilivyokuwa, wanaume wawili wa Gweagal, wenyeji wa pale, walisimama kwenye mawe pale ufukweni wakiwa na mikuki wanapiga kelele mashua irudi ilikotoka, wawili tu dhidi ya mashua zimejaa watu wenye bunduki. Cook akafyatua, mmoja akajeruhiwa, wakaendelea kurusha mikuki na mawe ndo wakarudi nyuma. Cook mwenyewe kaandika kwenye shajara yake kwamba watu wale walionekana hawataki kitu kingine zaidi ya hawa wageni waondoke. Mikuki yao ikakusanywa, kama arobaini hivi, ikapelekwa Uingereza. Minne ilibaki Cambridge na imerudishwa kwa wenyewe 2024, yaani juzi hapa.

Wakapanda kaskazini, Juni wakagonga mwamba wa matumbawe meli nusura izame, wakakaa wiki kadhaa mtoni wanaziba, pale wakaishi karibu na Waguugu Yimithirr hadi wakagombana nao kwa sababu ya kasa (wazungu walivua kasa kibao wakakataa kuwagawia wenyeji hata mmoja). Kote walikopita pwani ile waliona moshi wa moto wa watu.

Tarehe 22 Agosti 1770 wakafika kakisiwa kadogo karibu na ncha ya Cape York kaskazini kabisa. Cook akapanda kilima, akatweka bendera, akatamka kwamba pwani yote ya mashariki kutoka nyuzi 38 kusini mpaka pale aliposimama ni mali ya mfalme George wa Tatu. Wakapiga risasi mara tatu, meli ikajibu mara tatu. Kwisha habari. Kisiwa chenyewe akakiita Possession Island. Na siku hiyohiyo kisiwani waliwaona watu!!

Kwahiyo ridhaa iko wapi? Haipo. Ni sawa na mtu apite barabarani aone moshi jikoni kwako halafu arudi mjini na hati ya nyumba.

---

Mzaramo_Halisi:

Daah. Mkuu Ramani asante sana, nimesoma mara mbili. Yaani mtu mmoja kilimani na bendera, nchi imeenda.

Ila bado sijaelewa kitu kimoja. Kwanini hawakutafuta hata mzee mmoja wa kumpa shanga na blanketi wamchoreshe alama? Peters alihangaika kutembea mpaka Usagara na homa juu, hawa wao wametulia tu. Kwa nini?

---

Ramani_Kongwe:

Hapo ndo utamu wa sheria yao.

Cook alivyotamka pale hakuna aliyekaa. Miaka 18 ikapita. Kilichowaamsha ni Marekani. Uingereza ilikuwa ikiwapeleka wafungwa wake kwenye makoloni ya Marekani, makoloni yakaasi 1775 biashara ikafa, magereza yakajaa wakaanza kuwarundika wafungwa kwenye meli chakavu zilizotia nanga mtoni Thames. Bunge likaunda kamati kutafuta pa kuwatupa. 1779 akaitwa Joseph Banks, yule tajiri aliyesafiri na Cook, akasema Botany Bay panafaa na wenyeji ni wachache, ni waoga, hawatasumbua. Huyu Banks huko bara ndani hakuwahi kwenda! Aliona pwani tu akabahatisha kwamba katikati hakuna mtu kabisa. Na neno lake likachukuliwa.

Sasa kisheria, kwa Mwingereza wa enzi zile kulikuwa na namna za kupata nchi. Umeishinda kwa vita au umepewa kwa mkataba, basi sheria na haki za wenyeji zinaendelea mpaka mfalme atakapozibadili. Au umekuta nchi tupu isiyolimwa ukapeleka watu wako wakakaa, hapo sheria ya Uingereza inaingia yote siku ileile na ardhi yote inakuwa ya mfalme, hakuna wa kuuliza. Wakaiweka Australia kwenye fungu hilo la mwisho. Ukishasema nchi ni tupu utamsainisha nani? Kutafuta mzee wa kusaini ni kukiri kwamba kuna mwenye nchi.

Kapteni Arthur Phillip akaondoka Mei 1787 na meli 11, zaidi ya watu elfu moja wengi wao wafungwa, kupitia Rio de Janeiro na Cape Town. Hati yake ya ugavana ilimpa kutoka Cape York mpaka kusini na kwenda magharibi hadi nyuzi 135, yaani nusu ya bara hivi, kwa mstari uliochorwa na watu waliokaa London. Januari 1788 wakafika Botany Bay wakaona maji hayatoshi na udongo mbovu, Banks aliwadanganya, wakahamia ghuba ya jirani ndo Sydney ya leo. Tarehe 26 Januari bendera ikapanda. Na siku mbili nyuma Wafaransa wa nahodha La Pérouse walikuwa washatia pua Botany Bay, kwahiyo haraka nayo ilikuwepo.

Na kama unadhani nawasingizia kuhusu hilo la kutotaka mkataba, soma habari ya John Batman. 1835 huyu jamaa, mfugaji kutoka Tasmania, alivuka akakutana na wazee wa Kulin mahali ilipo Melbourne leo, akawasainisha karatasi. Ekari karibu laki sita kwa mablanketi, mashoka, visu, mikasi, vioo, unga, na ahadi ya kuwaletea vingine kila mwaka. Mangungo kabisa huyo, na wengi wanasema wale wazee walidhani wanamkaribisha mgeni apite salama. Unajua gavana Bourke wa Sydney alifanya nini? Agosti 1835 akatoa tangazo kwamba mkataba ule ni batili, na yeyote anayekaa kwenye ardhi ile bila kibali cha serikali ni mvamizi wa ardhi ya mfalme. Hakuukataa kwa sababu wazee wamepunjwa. Aliukataa kwa sababu wazee hawana cha kuuza!

Karatasi pekee ya maana iliyowahi kusainiwa, serikali yao yenyewe ikaichana.

---

Chatu_wa_Gombe:

Mimi nitaenda kinyume kidogo msinipige mawe. Wale wenyeji hawakuwa na ufalme, hawakuwa na mashamba wala miji, walikuwa wanahamahama. Kwa akili ya mzungu wa 1770 ni kweli aliona pori. Tusihukumu watu wa zamani kwa akili ya leo, na pia mbona hawakupigana kama walikuwa na nchi yao?

---

Bi_Shukuria:

Kaka Chatu, hao wa zamani walijua, ndo shida ya hoja yako. Maagizo ya Cook ya 1768 hayakuandikwa na wanaharakati wa leo, yanasema ridhaa ya wenyeji. Na Phillip alipofika alishangaa watu ni wengi kuliko alivyoambiwa, akaandika London. Yaani ndani ya miezi michache tu walishajua kwamba nchi si tupu. Wakarudisha meli? Hawakurudisha. Waliendelea na sheria ya nchi tupu miaka zaidi ya mia mbili.

Hilo la kutolima nalo nenda katafute Budj Bim, kusini magharibi mwa jimbo la Victoria huko huko Australia. Wagunditjmara walichimba mifereji kwenye mawe ya volkano na kujenga mabwawa ya kufugia samaki aina ya mikunga, kazi ya miaka zaidi ya elfu sita, UNESCO wameiingiza urithi wa dunia 2019. Unazuia maji, unaacha mikunga inenepe, unaitega kwa vikapu msimu ukifika. Hiyo nayo ni kuhamahama?

Na lugha zilikuwa zaidi ya 200, kila watu na mipaka yao wanaijua. Kisichokuwepo ni mtu mmoja mwenye kiti cha enzi wa kumkamata.

Kupigana walipigana. Pemulwuy wa Wabidjigal alisumbua walowezi kuzunguka Sydney kuanzia 1790, anachoma mazao, anavamia mashamba, mpaka 1802 wakampiga risasi wakamkata kichwa wakakitia kwenye pombe wakampelekea huyohuyo Joseph Banks London. Alisema ni waoga hawatasumbua, basi akapelekewa jibu lake kwenye chupa. Tasmania nayo ilipigwa vita mbaya sana miaka ya 1820. Ila serikali haikutaka kuziita vita, maana ukisema vita umekiri umeteka nchi ya mtu na ile sheria ya nchi tupu inakufa. Wakaziita ghasia, wakaandika wahalifu. Ndo maana mleta mada hukuzipata.

Halafu kuna ndui ya 1789, mwaka mmoja tu baada ya Phillip, iliua watu wengi mno pale Sydney. Unapiganaje wakati nusu ya ukoo wamekufa kwenye mapango ya ufukweni?

---

Chatu_wa_Gombe:

Hiyo ya mikunga sikuwa nayo. Ila bado nasema hata wangesaini wangenyang'anywa tu, New Zealand wenyeji Wamaori walisaini mkataba wa Waitangi 1840 na ardhi ikaenda vilevile.

---

Mto_Ewaso:

Chatu hapo umegusa penyewe, wacha niwaletee ya kwetu Kenya juu nyinyi mnafikiri mkataba ungesaidia.

Wamaasai walikuwa na mkataba tena miwili. 1904 serikali ya Mwingereza ilitaka Rift Valley, Naivasha huko na Nakuru, ndio walowezi wawekwe karibu na reli. Wakakubaliana na Olonana na wazee wengine, Wamaasai wahame nusu waende Laikipia nusu kusini, na mkataba ukasema utadumu maadamu Wamaasai kama kabila wapo duniani. Haya. Miaka saba haijaisha vizuri walowezi wakaanza kuitamani Laikipia, 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa tena. Ng'ombe walikufa njiani, watu pia.

Sasa Wamaasai wakafanya kitu watu wengi hawajui, wakaenda kortini. Legalishu na wenzake walikataa kuhama, kesi ikafunguliwa 1912 kwa jina la Ole Njogo, wakatafuta wakili mzungu, wakasema hawa wamevunja 1904. Na korti 1913 ikasema nini? Ikasema hii nchi sio ya Mwingereza ni ya ulinzi tu, Wamaasai ni kama taifa la kigeni, na hii karatasi ni mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuisikiliza. Kesi ikatupwa!

Mnaona hiyo hesabu? Australia huna karatasi, wewe si taifa, ardhi si yako. Kenya uko na karatasi, ooh basi wewe ni taifa kabisa, nenda ukashtaki kwingine. Na miaka miwili baadaye, 1915, wakapitisha sheria ya kusema ardhi za Waafrika nazo ni za mfalme. Kwa hivyo taifa lilidumu miaka miwili hivi, lol.

Kile nataka kusema ni hii, wakili wa serikali kule London hakuwa na sheria moja ya dunia nzima. Alikuwa nazo kama tatu nne mfukoni, anaangalia kwanza nani yuko mbele yake na bunduki ngapi. Wamaori walikuwa na bunduki nyingi na karatasi yao ya 1835 ya kutangaza uhuru Waingereza walishaitambua, kwa hivyo wao wakaletewa mkataba.

---

Mzaramo_Halisi:

Mto Ewaso hiyo ya Wamaasai kwenda mahakamani na wakajibiwa hivyo sikuwahi kuisikia kokote. Imenikata maini.

Wakuu swali la mwisho. Leo hali ikoje? Kuna mwenyeji aliyewahi kwenda mahakamani Australia akasema leteni hati yenu tuione?

---

Mkoba_Perth:

Salaam wakuu, mimi naishi huku Perth miaka kadhaa sasa, nilikuwa nasoma kimyakimya ila hili nalijibu.

Kwanza niongezee kwa Ramani, huku magharibi kulitwaliwa kivyake, maana ule mstari wa 135 ulituacha nje (baadaye wakausogeza mpaka 129 na bado tukabaki nje). Waingereza waliogopa Wafaransa, wakaweka kikosi King George Sound mwisho wa 1826, halafu tarehe 2 Mei 1829 kapteni Charles Fremantle akatweka bendera mdomoni mwa mto Swan akatwaa upande wote uliobaki. Mji wa bandari hapa jirani unaitwa jina lake, kila wikiendi watu wanaenda kula samaki na chipsi pale na wengi hawajui alifanya nini. Wenye nchi ni Wanoongar. Kwahiyo bara zima, kutoka kilima cha Cook mpaka hapa, miaka 59.

Sasa kuhusu mahakama. Yupo. Anaitwa Eddie Koiki Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer kule Torres Strait, kaskazini si mbali na kilima kile cha Cook. Miaka ya 70 alikuwa mtunza bustani kwenye chuo kikuu mjini Townsville, na chuo chenyewe kinaitwa James Cook, msicheke. Siku moja anapiga stori na wahadhiri anawaelezea shamba la familia yake kisiwani, lilipoanzia na linapoishia, wale wakamwambia taratibu kwamba kwa sheria ya Australia lile si shamba lako ni ardhi ya serikali. Jamaa hakuamini. Mer kila kipande cha bustani kina mwenyewe, mpaka ni mti fulani au jiwe fulani, kinarithiwa, na sheria ya mungu wao Malo inakataza kukanyaga shamba la mwenzio bila ruhusa.

1982 yeye na wenzake wanne wakafungua kesi. Serikali ya jimbo la Queensland 1985 ikatunga sheria ya kufuta haki zao kwa nguvu tena kwa kurudi nyuma hadi 1879, mwaka walipochukua visiwa, ili kesi ife. Mahakama ya juu kabisa ikaitupa hiyo sheria 1988. Kesi ikaendelea, mashahidi wanahojiwa siku na siku juu ya kichaka gani ni cha nani. Tarehe 3 Juni 1992 hukumu ikatoka, majaji sita kwa mmoja, nchi haikuwa tupu, wenyeji walikuwa na haki ya ardhi kwa sheria zao na bendera peke yake haikuifuta. Mabo mwenyewe alifariki Januari mwaka huohuo kwa saratani, hukumu hakuisikia.

---

Mzaramo_Halisi:

Kwahiyo walirudishiwa nchi??

---

Mkoba_Perth:

Hapana kaka, usikimbie. Majaji walisema mambo mawili kwa pamoja. Haki ya ardhi inaweza kuwepo mpaka leo pale ambapo serikali haijaifuta, ila ikishamuuzia mtu kiwanja kwa hati kamili haki ya mwenyeji pale imekufa, nayo hairudi. Angalia Sydney, Melbourne, hapa Perth, karibu viwanja vyote vilishauzwa zamani. Kwahiyo waliopata zaidi ni wa kule mbali jangwani na kaskazini, na wa mijini ambao babu zao ndo walifukuzwa mwanzo kabisa wakapata kidogo sana. Na ukidai lazima uthibitishe kwamba nyie watu mmeendelea na mila zenu kwenye ardhi ile bila kukatika tangu siku bendera ilipopanda. Watu waliofukuzwa kwa bunduki wanaulizwa mbona mliondoka.

Na lile swali lako la hati, la je mfalme aliipataje nchi yenyewe, mamlaka yenyewe, hilo mahakama ilikataa kuligusa. Walisema kutwaa nchi ni kitendo cha dola na mahakama za dola hiyohiyo haziwezi kukihoji.

---

Mto_Ewaso:

Korti ya 1913 tena hiyo, wamebadilisha wigi tu.

---

kibanda_cha_gazeti:

Sasa nyie mlioko huko, tarehe 26 Januari si ndo sikukuu yao ya taifa? Mnaenda kazini au?

---

Mkoba_Perth:

Ni mapumziko, watu wanachoma nyama bustanini. Wenyeji na wanaowaunga mkono wanaandamana, wanaiita siku ya uvamizi, walianza mbali sana, 1938 walishafanya siku ya maombolezo Sydney wakati wenzao wanasherehekea miaka 150. Kazini kwetu kuna kijana Mnoongar, yeye siku hiyo huwa anaomba shifti kabisa, hataki kukaa nyumbani kusikia fataki.